Klachi Isiyokuwepo

JUMATATU, JIONI

Chumba cha nyuma cha mgahawa ule wa Mirongo kilinuka mafuta yaliyokaangiwa samaki tangu juzi. Chenge alifunga mlango kwa komeo. Akapanga chupa za soda mezani, moja baada ya nyingine.

"Hii ni geti la Longino, Buhongwa. Huu mteremko. Hii lami, na hapa kwenye kona kuna kijiwe cha bodaboda. Hii ya mwisho ni Kigongo. Mimi na Obedi tutakuwa hapo na gari. Tunavuka daraja, tunapotelea Sengerema."

Chenge hakuwa mtu wa kupaza sauti. Waliomfahamu walisema akipaza ujue ameshasamehe. Obedi, dereva wake, alichekelea kila kitu. Mashimba aliketi karibu na ukuta, mguu wake wa kulia umenyooka kwa sababu ya chuma alichowekewa ndani baada ya ajali. Na Luhende, ambaye hadithi hii ni yake hata kama asingependa isimuliwe, alikaa mbele kabisa kama mtoto anayetaka mwalimu amwone.

Mali yenyewe ilikuwa mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara. Nyama ya sangara tunakula sisi, bondo lake linakaushwa na kupanda ndege kwenda Uchina, na kiroba kimoja kinaweza kumbadilisha mtu jina. Longino, mnunuzi kutoka Bukoba, alitoa kiroba chake kila Ijumaa asubuhi. Alikibeba mwenyewe kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Hakumwamini kuli wala mlinzi.

"Mashimba atashuka, atachukua. Luhende ataendesha," alisema Chenge. "Ataendesha hii."

Akavuta turubai pembeni. Ilikuwa skuta. Rangi ya maziwa, vioo vinang'aa, na kikapu kidogo mbele cha kuwekea mboga. Obedi akacheka mpaka akashika meza.

"Haina gia," Chenge aliendelea, kana kwamba hakusikia kicheko. "Unavuta mafuta, inaondoka. Unabana breki, inasimama. Mengine inajifanyia yenyewe. Polisi wakisikia ujambazi wanasimamisha bodaboda. Nani atamsimamisha karani anayewahi ofisini? Na hapa katikati ya miguu ya dereva pana sakafu. Kiroba kinakaa hapo, Mashimba mikono yake inakuwa huru."

"Ya akina dada hiyo," alisema Luhende.

"Utaizoea mpaka Ijumaa?"

"Bosi, mimi? Nitaizoea kabla soda haijaisha."

Mashimba akamwinamia. "Shemeji, ule mshikio wa kushoto si klachi. Ni breki ya nyuma."

"Najua."

Hakuwa akijua.

JUMANNE, ASUBUHI

Luhende aliijaribu nyuma ya nyumba yake, kwenye kiwanja kilichofichwa na majabali. Alivuta mafuta, skuta ikaondoka kwa upole. Akapunguza, akabana mkono wa kushoto ili apandishe gia. Skuta ikasimama ghafla, naye akagonga kidevu kwenye kioo. Akarudia. Mguu wa kushoto ukawa unapapasa sakafu kutafuta pedeli ya gia, kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Akabana tena. Ikasimama tena.

Akina mama waliokuwa bombani wakaacha ndoo zao.

"Baba, inakushinda?" aliuliza mmoja. "Mbona mwanangu anaendesha kama hiyo kwenda sokoni?"

Wakacheka. Si kicheko kibaya, lakini kilimwingia. Kijiweni kwao Buhongwa Luhende aliitwa Gia. Aliweza kupandisha majabali ya Mabatini na abiria wawili na gunia la mkaa bila kuzima injini hata mara moja. Aliwaza vijana wa kijiwe wakimwona juu ya kitu hiki chenye kikapu cha mboga. Wangemwita dada mpaka siku ya kumzika.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa rahisi. Aipeleke barabarani, aizunguke Nyamagana nzima mchana kweupe, achekwe, azoee. Badala yake aliifunika turubai. Jumatano hakuigusa. Alhamisi aliiwasha, akaisikiliza, akaizima.

ALHAMISI, JIONI

Kwa Kija, dada yake Luhende, waliandaliwa ugali na sato wa kuchemsha. Kija alikuwa mke wa Mashimba, na alidhani wanazungumzia biashara ya bodaboda. Alipotoka kuchukua maji ya kunawa, Mashimba akasogea.

"Shemeji, niambie ukweli. Umeizoea ile mashine?"

"Nimeizoea."

"Mimi nikidondoka siwezi kukimbia. Unajua."

"Nani kanifundisha kuendesha? Si wewe?"

Ni kweli, alikuwa Mashimba. Alimfundisha kila kitu, pamoja na ule ujanja wa madereva wa vilimani ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Ukifika kwenye mteremko funga mafuta, bana klachi, iache pikipiki iteleze yenyewe. Petroli inabaki kwenye tenki na injini inapumzika. Luhende alifanya hivyo kila mteremko, kila siku, kwa miaka mingi, na mkono wake haukuhitaji tena kuulizwa.

"Chenge alinitaka mimi kwa sababu sitetemeki," alisema Mashimba. "Mimi nimekubali kwa sababu dereva ni wewe. Sina sababu nyingine."

Pale ndipo Luhende angeweza kusema. Kija akaingia na maji, akamnawisha kaka yake kwanza, na Luhende akanawa mikono.

IJUMAA, SAA TATU ASUBUHI

Geti lilifunguliwa. Longino akatoka akiwa amekumbatia kiroba, shati limechomekwa, miwani imeteleza puani. Mashimba alishuka kwenye skuta akichechemea kidogo na kumwonyesha bastola kwa namna mtu anavyoonyesha kitambulisho.

"Shikamoo mzee. Weka chini."

Longino akaweka chini. Mashimba akakichukua kiroba, akakisimamisha katikati ya miguu ya Luhende, akapanda.

"Twende."

Walikuwa hawajafika mbali mke wa Longino alipotokea dirishani. Hakupiga kelele nyingi. Alisema "mwizi" mara moja, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuongoza kwaya, na neno lile likateremka barabarani kabla yao. Duka la kwanza wakatoka watu. Duka la pili wakatoka na fimbo. Kule chini kijiweni pikipiki zikaanza kuwashwa, na Luhende alizijua kwa milio yake, ya nani na ya nani.

"Usiwaangalie," alisema Mashimba nyuma yake. "Umevaa helmeti. Pita tu."

Mteremko ukaanza. Changarawe, kisha lami kwa chini. Luhende alifunga mafuta, na mkono wake wa kushoto ukafanya ulichozoea kufanya kwenye mteremko. Vidole vinne, mpaka mwisho.

Gurudumu la nyuma likakwama. Skuta ikalala upande, changarawe zikaruka, na uzito uliokuwa mgongoni mwake ukaondoka. Luhende alitupa mguu chini, akaizuia isianguke. Injini ilikuwa bado inanguruma taratibu. Kiroba hakikuwa kimesogea.

Akageuka. Mashimba alikuwa chini, mguu wenye chuma umekunjika kwa namna ambayo mguu haukunjiki. Bastola ilikuwa imeangukia mtaroni. Wenye fimbo walikuwa wanakuja kutoka juu, na vijana wa kijiwe wanapanda kutoka chini. Mashimba akanyoosha mkono.

"Luhende," alisema. Hakupiga kelele.

Kwenye pikipiki aliyoizoea angelazimika kurudisha gia, kuachia klachi polepole, na huenda katika kufanya hayo akili ingemrudia. Hii haikumdai chochote. Ilitaka kifundo cha mkono tu. Alivuta mafuta, ikaondoka kwa upole uleule wa Jumanne. Akawapita vijana wa kijiwe chake waliokuwa wanamkimbilia mtu aliyelala chini, na hakuna aliyempa macho karani mwenye kikapu cha mboga.

KABLA YA ADHUHURI

Kigongo, pale watu walipokuwa wakisubiri kivuko zamani, gari lilikuwa limeegeshwa chini ya daraja. Luhende alisimama.

"Mashimba yuko wapi?" aliuliza Chenge.

Ukweli ulikuwa mfupi. Ungetosha kwenye pumzi moja. Lakini Obedi alikuwa anaitazama skuta kwa kile kitabasamu chake.

"Aliruka."

"Aliruka?"

"Kwenye mteremko. Naona alishaongea na polisi."

Uongo wa pili ulijitokea wenyewe, kwa sababu ule wa kwanza ulihitaji pa kuegemea. Chenge akatembea mpaka ukingoni mwa maji, akapiga simu, akasema maneno machache, akarudi.

"Na mguu ule, watakuwa wamempeleka hospitali. Nina mtu pale. Jioni haitamkuta hai."

Simu ya Luhende ikaita. Kija. Akasogea pembeni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Mashimba yuko wodini. Wamempiga, kaka. Hatambuliki. Polisi wanamuuliza dereva ni nani, anasema hamjui, alimkodi njiani." Alivuta kamasi. "Lakini kaninong'oneza nikwambie wewe. Anasema alikaa vibaya, kuanguka si kosa lako. Kuanguka kupi?"

Luhende alikata simu. Alirudi kwa Chenge akasema yote akiwa amesimama wima. Kwamba hakuwahi kuizoea skuta. Kwamba aliifunika turubai kwa kuogopa kuchekwa. Kwamba alibana breki akidhani klachi, na Mashimba hajaongea na mtu.

Obedi alicheka sana. Chenge hakucheka.

"Wewe? Gia?" alisema. "Mtu wa miaka yote hiyo asijue breki na klachi? Unamwonea huruma shemeji yako, naelewa. Lakini usinitungie hadithi za kitoto." Akatupa kiroba nyuma ya gari. "Hicho kidude kisukumie ziwani. Utaletewa mgao wako."

"Bosi, nakuomba. Ni mume wa dada yangu."

"Ndiyo maana nakuelewa."

Gari likapanda kwenye daraja na kuchanganyika na malori. Majigambo yote ya Luhende yalikuwa yamemtolea ushahidi, na yaliaminika kuliko yeye. Luhende akabaki na skuta, maji, na simu. Akampigia Kija.

"Mwite askari aliye hapo. Mwambie leo kuna mtu atakuja kummaliza mumeo. Ametumwa na Chenge. Wameelekea Sengerema na gari, Noah nyeusi. Dereva wa skuta ni mimi. Niko Kigongo, siondoki."

Alisikia Kija akikimbia, viatu vyake sakafuni. Akasikia sauti ya mwanamume akiuliza, akitoa amri, mlango ukifungwa. Baada ya muda Kija akarudi kwenye simu.

"Wameweka mtu mlangoni. Wanakufuata."

"Sawa."

"Ulimwangusha?"

"Nilishika breki. Nilidhani klachi. Sikuwa nimezoea, nikaona aibu kusema."

"Hilo nimelielewa, kaka. Na baada ya kuanguka?"

La breki aliweza kulieleza. Hili halikuwa na mashine ndani yake.

"Basi mwambie mwenyewe," alisema Kija.

Akasikia simu ikisogezwa kwenye mto wa kitandani. Pumzi nzito, ya mtu mwenye mbavu zilizovunjika. Barabarani difenda la polisi lilikuwa limeanza kushuka kuelekea majini.

"Shemeji," alisema Luhende. "Kulikuwa na vumbi. Sikuona kama umeanguka vibaya. Sikukusikia."

"Ulinisikia," alisema Mashimba. "Uligeuka ukaniangalia."