Salamu Isiyoitikiwa

Kila jioni Sumayiya alipotoka shuleni alivua viatu mlangoni akasema, "Asalamu aleikum." Baba yake, Abudu, dereva wa lori kule bandarini Port Bell, akiwapo aliitikia kwa sauti ya kuamsha nusu ya mtaa wao wa Luzira. Lakini mama yake, Kaltumi, aliyeketi jikoni akipika gurusa, mikate myembamba ya ngano, alikaa kimya. Hata kugeuka hakugeuka.

Mwanzoni Sumayiya alidhani mama amechoka. Wiki zikapita. Jamani, salamu huitikiwa hata ikitoka kwa adui, sembuse kwa mtoto wa kumzaa! Moyo ukamuuma, naye akaanza kununa. Akawa anajibu kwa mkato, anakula harakaharaka na kujifungia chumbani.

Abudu aliona fahari. "Nyumba yangu siku hizi imetulia," aliwaambia wenzake. "Hakuna kelele, hakuna ugomvi." Maskini Abudu! Hakujua kwamba kimya kina mshindo mkuu.

Siku moja Sumayiya alimfuata. "Baba, nakuomba nikaishi kwa bibi, kule Bombo."

"Kulikoni?"

"Mama hanitaki tena."

Abudu alicheka. "Hayo ni mambo ya umri wako tu. Lakini likizo ikifika, utakwenda."

Sumayiya akapanga nguo zake mkobani, akausukuma mkoba chini ya kitanda. Usiku alilia.

Jumamosi moja alirudi kutoka madrasa akakuta baba amepaka rangi mlango wa mbele, na rangi bado mbichi. Akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma wa jikoni. Kwa mazoea tu, akasalimu kwa sauti ya chini.

"Wa aleikum salaam, mwanangu!" Kaltumi aliitikia, uso umemchangamka. "Leo umekumbuka kunisalimu?"

"Mama! Mimi nakusalimu kila siku!"

"Wapi! Baba yako asipokuwapo unaingia kimya kama paka, unanipita kama jiwe. Nimekukosea nini?"

Sumayiya aliutazama mlango wa nyuma, ulio upande wa kulia wa mama, kisha ule wa sebuleni, ulio upande wa kushoto. Akahamia kushoto.

"Mama," aliita kwa sauti ileile ya chini. Kaltumi aligeuza gurusa yake. "Mama!" Wapi.

Akamgusa bega, na mama akashtuka. "Mama, sikio lako la kushoto halisikii!"

Kaltumi aliinamisha kichwa. "Liliniuma sana, nikatia pamba yenye mafuta. Maumivu yakaisha, nikadhani limepona, nikaisahau ile pamba. Sikutaka kumsumbua baba yako."

Jumatatu yake wakaenda zahanati wote watatu. Daktari Aciro, mama mcheshi, aliwauliza akiwa anavaa glavu, "Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo kabisa," akasema Abudu. "Raha mustarehe."

"Binti yangu alikuwa hanisemeshi," akasema Kaltumi.

"Mimi nilidhani mama amenichukia," akasema Sumayiya, machozi yakimlengalenga.

Abudu aliwatazama mkewe na binti yake kwa mshangao.

Daktari alichunguza sikio, akavuta polepole kipande cha pamba kilichogeuka kuwa cheusi. Akasafisha, akatoa dawa ya matone, akamwagiza Kaltumi arudi aangaliwe tena. "Na msitie kitu chochote sikioni kwa kujiamulia," alionya. Kisha akatikisa kichwa. "Nyumba moja, majibu matatu! Kila mmoja ameipima familia kwa moyo wake peke yake, wala hakumuuliza mwenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na moyo nao huugua, basi msiufiche. Semezaneni."

Siku zikapita, sikio likafunguka. Jioni moja Sumayiya alikuwa akiosha vyombo, akinung'unika chinichini, "Masufuria haya hayaishi?"

"Nimekusikia, wewe!" Kaltumi alipaza sauti kutoka sebuleni.

Sumayiya aliangua kicheko. Akafuta mikono, akaenda chumbani, akauvuta ule mkoba na kurudisha nguo kabatini.

"Naona kelele zimerudi," Abudu alisema, akitabasamu. "Alhamdulillahi."