Mbeleko ya Zuberi na Kifaa cha Tii

Tunu ana miaka sita, na mikono yake haitulii. Mama yake anafanya kazi Morogoro, kwenye ghala la nguo kuukuu.

Mama ana kifaa kidogo, kinaenea kiganjani. Kinamulika nguo, kinajua imetengenezwa kwa nyuzi gani, kisha kinazitaja.

Gusa, bonyeza... tii!
"Pamba!" Nguo inarushwa kwenye rundo la pamba.

Gusa, bonyeza... tii!
"Poliesta!" Nguo inarushwa kwenye rundo la poliesta.

Rundo la pamba huenda kwa Mjomba Kibwana. Mashine yake huzichana nguo ziwe za kujazia mito. Krrrr! Krrrr!

Siku moja, pale ghalani, Mama alimlaza Zuberi, mdogo wake Tunu. Akaitundika mbeleko kwenye msumari. Ni mbeleko nyekundu, iliyombeba hata Tunu alipokuwa mchanga.

Mama akaweka kifaa mezani, akaenda kuchota maji. Ile mikono isiyotulia ikakichukua!

Tunu akapima gauni la njano alilovaa, analolipenda kuliko yote.
Gusa, bonyeza... tii! "Poliesta!"

Akapima mbeleko.
Gusa, bonyeza... tii! "Pamba!"

Na pamba hurushwa wapi? Tunu akairusha kwenye rundo la pamba. Akacheka sana.

Mara Mjomba Kibwana akaja, akabeba rundo lote. Tunu akaacha kucheka. Lakini hakusema kitu.

Zuberi akaamka. "Nga! Nga! Nga!"
"Mbeleko iko wapi?" Mama akauliza.

Tunu akautazama ule msumari mtupu.
Laiti nisingeirusha, akawaza. Laiti nisingeirusha!

Krrrr! Mashine ikaanza.

"Mama, ni mimi!" Tunu akapiga kelele. "Nimeitupa kwenye pamba!"

Mama akatoka mbio. "Kaka Kibwana, zima! Zima!"

Mashine ikanyamaza. Mjomba Kibwana akaivuta mbeleko polepole. Upande mmoja ulikuwa umeshachanika wote.

Tunu akalia. "Nisamehe, Mama. Laiti nisingeirusha!"

Mama akaishika mbeleko. Naye machozi yalimlengalenga. "Ungesema mapema, mwanangu, ingepona yote."

Jioni, nyumbani, Mama alijaribu kumbeba Zuberi. Mbeleko ilikuwa fupi, haikufungika. Zuberi akalia, nga, nga, nga.

Tunu akamtazama. Akalitazama gauni lake la njano. Kisha akalivua.

"Kata hapa chini, Mama. Uunge mbeleko."
"Gauni lako hili? Kweli?"
"Kweli, Mama."

Mama akakata. Mama akashona, chwi, chwi, chwi. Mbeleko ikafungika, Zuberi akatulia mgongoni.

Wakati wa kulala, Tunu alinyoosha kidole chake. Akagusa sehemu nyekundu.
"Tii! Pamba!"

Akagusa sehemu ya njano.
"Tii! Poliesta! Hapo ni mimi, Mama. Hapo ndipo nilipoharibu."

"Na hapo ndipo ulipotengeneza," Mama akasema.

Kisha Mama naye akanyoosha kidole. Akamgusa Tunu puani.

Gusa, bonyeza... tii!
"Mwanangu!"

Tunu akacheka kidogo, akafumba macho. Zuberi alikuwa ameshalala.