Rasimu ya Tisa

Ilianza na harufu ya pipi za mnanaa. Maabara ya kemia hunuka asetoni na jasho la watu wasiolala, si pipi za kikohozi.

"Nani anakula humu?" Corinne alinong'ona.

"Ale humu afe kabla ya mtihani?" Tovah, mwenzake wa chumba, alijibu. "Si afadhali afe baada."

Corinne hakucheka. Alikuwa amepata B tena, katika chuo ambacho walimu hutoa A kama wanaong'olewa jino. Tumaini lake la udaktari lilibaki kwenye barua ya kamati: chuo humwandikia kila mwombaji barua moja, na ukiikosa, shule za udaktari hazikutazami mara mbili. Kamati nayo ilitaka insha ya kueleza kwa nini anautaka udaktari.

Rasimu nane zilikuwa zimerudi. "Haijanigusa," Dokta Garrity, mwenyekiti, aliandika kila mara kwa wino wa kijani. Corinne alitamani kumgusa kwa kiti.

Rasimu ya tisa ilimgusa. Humo mzee Lindquist alikata roho huku Corinne amemshika mkono, katika nyumba ya wagonjwa wasioweza kupona alikojitolea kila Jumamosi ili saa zake zihesabike kwenye maombi ya udaktari.

Ukweli ulikuwa mfupi zaidi. Mzee, pipi ya mnanaa mdomoni, alinyoosha mkono. "Nishike, binti." Corinne alikuwa akikariri kadi zake za kemia, hakuinua hata macho. "Subiri kidogo, nimalize hizi." Alipozimaliza, mzee alikuwa ameshakwenda.

Sasa kila alipoichapa insha hiyo kwa ajili ya kamati nzima, sentensi ya kumshika mzee mkono haikutoka kwenye karatasi. Palibaki pengo jeupe, lenye unyevu na baridi kama shavu la maiti.

"Futa hiyo sentensi, dada," Tovah alimsihi kwa sauti ya chini, akisogea mbali na karatasi. "Andika kilichotokea."

"Kilichotokea hakimgusi Garrity! Miaka mitatu nimelala na vitabu, Tovah. Miaka mitatu!"

Akalijaza lile pengo kwa kalamu.

Siku ya usaili mbele ya kamati, saa nane mchana, jua likiwaka dirishani, Dokta Garrity alivua miwani, akasema kwa upole, "Tueleze, mkono wake ulikuwaje?" na Corinne, ambaye alikuwa amelifanyia mazoezi jibu hilo mbele ya kioo, alisikia mnanaa ukimjaa puani, akasikia chini ya meza vidole vikavu, vyembamba, vikipenya katikati ya vidole vyake kimoja baada ya kingine bila haraka, akajua kwamba neno moja la kweli lingevifungua na neno hilohilo lingeifunga barua, akatazama zile nyuso tano za kamati zilizokuwa tayari kuguswa.

"Ulikuwa wa joto," alisema. "Sikuuachia mpaka mwisho."

Dokta Garrity alifuta jicho. Barua ikaandikwa, na ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Jioni Corinne alikaa kitandani na kadi mpya za mtihani wa kuingilia udaktari. Alizipindua kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukuwa wake tena: ulikuwa umeshikwa.

"Niachie," alilia. "Nakuomba, mzee."

Kando ya sikio lake pipi iligonga jino.

"Maliza tu kadi zako, binti. Mimi nasubiri."