Makopo Sita ya Vitunguu

Kosa lilikuwa langu, tuanzie hapo. Makopo sita ya maziwa ya watoto wachanga, yaliyoamriwa kuondolewa madukani, niliyaweka stoo ya ofisi ya mtaa mazima mazima, bila hata kuyatoboa. Kufuli lenyewe ungelifungua kwa kulikoholea.

Jumatatu yakaibwa. Alhamisi mtoto wa Analyn, wa miezi mitatu, akalazwa hospitali mjini Iloilo. Daktari alikuta kwenye damu yake vijidudu vilevile vilivyotajwa kwenye tangazo la kuyaondoa makopo.

Inspekta Magbanua alinitazama kama samaki wa juzi. "Sajenti Tupas, ulisubiri yajitoboe?"

Akamgeukia Analyn, aliyekaa kando ya kitanda cha mtoto.

"Mtoto alikunywa nini?"

"Maziwa ya kupima, afande. Ya kifuko."

"Tangazo hukulisikia?"

"Nilisikia. Walisema tuangalie namba chini ya kopo. Mimi kopo sijawahi kununua."

"Kifuko ulinunua wapi?"

"Kwa Manang Pasing, yule mama wa kioski. Sote tunanunua kwake."

Kwenye kioski cha Manang Pasing, Inspekta aliagiza soda, asiinywe. Alikuwa anatazama vitunguu vya majani dirishani: makopo sita kwa mstari, udongo bado mbichi. Akapindua moja. Namba ikaonekana chini, ileile.

"Bustani nzuri, Manang. Ulipanda lini?"

Mama wa watu akakalia gunia la mchele. "Juzi."

"Makopo uliyatoa stoo mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Hayana kutu, hayajavimba, tarehe bado. Nikajua wakubwa wamekosana kwenye makaratasi. Huku watoto wanapewa maji ya wali, afande. Nikasema nitawapimia rahisi, angalau washibe."

"Na tangazo?"

"Ningeliamini, ningempa mjukuu wangu? Yeye ndiye alikunywa wa kwanza."

Mjukuu alikuwa amelala nyuma ya pazia. Inspekta akamgusa paji la uso, akamwinua mkono. Mkono ukaanguka.

"Tupas, gari. Sasa hivi."

Nikalileta. Wakaondoka wote watatu, Inspekta kwenye usukani, bibi kampakata mjukuu, hakuna aliyekumbuka pingu. Mimi nikabaki na kipaza sauti cha ofisi ya mtaa. Vifuko zaidi ya ishirini vilikuwa vimeuzwa, na majina Manang hakuandika.

"Aliyenunua maziwa ya kifuko tangu Jumatatu, asimpe mtoto tena. Mtoto akiwa na homa, akikataa kunywa, akilegea, hospitali leo hii. Vifuko nileteeni. Hakuna atakayekamatwa."

Lakini watu walikuwa wameona gari la polisi likimbeba Manang. Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine.

Nikazima kipaza sauti, nikagonga wa kwanza kwa mkono.

"Jamani, ni mimi, Tupas. Nifungulieni nimwone mtoto tu."