Narahari na Hoja ya Mwenzake

Kila asubuhi, baada ya kuoga mtoni, wanafunzi wa Swami Shubhananda, mtawa wa Kihindu, walikaa ukumbini wakikariri aya zao kwa sauti. Narahari alikuwa na ulimi mwepesi kuliko wote, na alijijua. Siku zile Swami alikuwa akijiandaa kwenda kuhiji kaskazini, na angemchukua mwanafunzi mmoja tu: atakayeshinda mjadala. Narahari aliitaka safari hiyo mpaka akawa anaiota.

Mpinzani wake alikuwa Damodara, mtoto mpole mwenye kigugumizi, aliyehamia kutoka nyumba ya watawa ya ng'ambo ya mto.

"Dunia tu-tunaiona," Damodara alieleza polepole, "ila hatuioni ilivyo. Ni kama mtu aliyeona kamba gizani a-akadhani ni nyoka."

Desturi ya pale ni hii: kabla hujamjibu mwenzako, irudie hoja yake mpaka yeye mwenyewe atikise kichwa kukubali. Narahari akasimama.

"Mwenzetu anasema dunia haipo. Basi hata wali haupo. Mchana tusimpakulie."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Damodara alifungua mdomo, maneno yakamkwama, na hakuna aliyengoja atikise kichwa. Swami alitazama tu.

Mchana walikaa chini, kila mtu na jani lake la mgomba. Mpakuaji alipomfikia Damodara, mvulana mmoja akasema, "Huyo mruke, kaka. Kwake wali haupo." Mpakuaji naye mtu wa mzaha, akamruka kweli. Damodara akalikunja jani lake tupu kama mtu aliyeshiba, akainuka kutoka.

Narahari alikuwa na tonge mkononi, akalirudisha kwenye jani. Alijua kabisa kwamba akisema kweli, safari ndiyo basi tena. Lakini roho ilimsuta. Akainuka naye, ingawa pale aliyepakuliwa hainuki kabla ya Swami.

"Nawe unakwenda wapi?" Swami alimuuliza.

"Swami, nilimgeuzia Damodara maneno yake makusudi, ili watu wacheke. Yeye alisema dunia tunaiona, ila tunaidhania sivyo." Akamgeukia Damodara, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Ndivyo ulivyosema?"

Damodara akatikisa kichwa. "Ndi-ndivyo."

"Haya, sasa mjibu," Swami akasema.

Narahari aliwaza, akajikuna kisogo. "Sina jibu, Swami."

"Afadhali hivyo. Asubuhi hukumshinda Damodara, mwanangu. Ulimtunga mtu wako, ukampa jina la Damodara, ukampiga. Ukimsikiliza mwenzako vibaya, huwezi kujifunza kitu kwake. Damodara ndiye atakayekwenda nami. Wewe baki ulitafute jibu."

Machozi yalimlengalenga Narahari. Hata hivyo alichukua sufuria ya wali, akamketisha tena mwenzake, akamfungulia jani, akampakulia yeye mwenyewe.

"Upo?" aliuliza.

"U-upo," Damodara akajibu. "Hebu ongeza."