Nibebee Kidogo

Mwanamke wa Kamembe, mji wa kando ya ziwa, anaweza kugombana na jirani yake kutwa nzima. Lakini akiona kitenge cha huyo jirani kinalegea na mtoto anateleza mgongoni, ataacha ugomvi, atamshika mtoto kwa chini mpaka fundo likazwe, kisha ataendelea na matusi pale alipoishia. Haombwi mara mbili. Shadia naye alilelewa hivyo, na ndicho kilichomponza.

Alikuwa fundi cherehani, mwenye jicho linalotambua kitambaa upesi kuliko uso wa mtu. Karakana yao ilikuwa imewashonea mashati waongoza wageni wa hifadhi, na kwa shukrani mmoja wao, Ladislas, akamwalika yeye na mwenzake Jolie wapande msitu wa Cyamudongo siku moja, waone sokwe, warudi kabla jua halijatua. Shadia hakutaka. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mbili za kwanza alizitangaza mapema. Majirani wakaleta pongezi, kisha hao hao wakaleta pole. Hii ya tatu hakumwambia mtu, hata mumewe Ridhwani. Sasa ukikataa safari ya bure, si lazima useme sababu? Akaenda.

Walianza kupanda asubuhi. Ladislas alimpa kila mmoja fimbo na sharti moja.

"Hakuna muntu kubakia nyuma. Mukichoka, museme."

Walipita kando ya mashamba ya chai, wakaingia chini ya miti, na ubaridi ukawapokea. Mbali kule bondeni, kwenye mwanya wa matawi, mpunga wa Bugarama uling'aa juani. Jolie, ambaye ulimi wake haujui likizo, alisema sokwe wote wamekwisha kuhamia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kufuata muziki. Lakini waliwaona, saa saba mchana, watatu, wakila matunda juu ya mti. Shadia alifurahi kweli. Kwa mara ya kwanza tangu mimba iingie, alisahau kuogopa.

Wakati wa kushuka, ukungu ukatanda. Ilikuwa saa tisa tu, na mchana ukawa kama magharibi. Na Shadia, kama kila mwenye mimba changa, akabanwa na mkojo.

"Jolie, muningojee hapo mbele."

"Tena? Ni mara ya ine leo. Ulikunywa ziwa lote?"

Akaingia nyuma ya mti mkubwa. Alipomaliza na kusimama, aligundua kwamba ndege wamenyamaza. Sauti ya Jolie nayo haikusikika. Hata kijito kilichokuwa kikichuruzika pale chini…

Kimya.

Kisha ikaja harufu. Moshi, majani yaliyooza, na maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo.

"Maman."

Mwanamke alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka kwake, miguu mitupu, ameinama kidogo, mtoto mgongoni amefunikwa mpaka kichwa. Uso hakuuona vizuri. Alichokiona ni kitenge. Rangi ya chai nzito, na chapa ya miduara ndani ya miduara, midogo kama vifungo vya shati. Upindo ulishonwa kwa mkono. Shadia alijua vitenge vyote vya sokoni, na hiki hakuwahi kukiona.

"Maman, unisaidiye," mwanamke alinong'ona. "Kitenge inafunguka."

Shadia alitaka kumuuliza ametokea wapi. Lakini fundo lilikuwa linateleza, na mikono yake ikatangulia akili. Akamshika mtoto kwa chini. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Mutoto anasikia baridi, maman."

"Anasikia, ndiyo. Tumetembea sana." Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa. "Mikono yangu imeisha nguvu. Nibebee kidogo, nifunge muzuri."

Shadia akageuka, akainama, akatoa mgongo. Mtoto akawekwa juu yake. Vidole vidogo vikaikamata kola ya blauzi yake. Pumzi ikamgusa shingoni… fupi, yenye unyevu.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Akangoja kitenge kizungushwe. Akangoja… Tone la maji likaanguka kwenye jani.

"Maman?"

Alipopapasa nyuma, mikono ilikuta blauzi tu, imelowa. Mtoto hayupo. Mwanamke hayupo, wala unyayo kwenye matope. Ila uzito ulikuwapo bado, na vidole havikuachia kola.

Alirudi njiani mbio. Jolie akamcheka na kutangulia, lakini Ladislas alimtazama kwa muda.

"Sababu gani unatembea umeinama vile? Kama muntu anabeba mutoto."

Shadia akamweleza kwa sauti ya chini. Ladislas aliihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kabla ya kusema.

"Bazee ba kijiji ya Nyakabuye banasemaka kuna maman alipita humu zamani, anapeleka mutoto mugonjwa kwa kituo cha afya. Njiani alikuta mwanamuke mwingine, huyo akamushikia mutoto mupaka afunge kitenge. Alipofika, muganga akafungua. Mutoto alikuwa amekufa tangu siku mbili. Maman akasema, huyu si wangu. Wangu niliachia muntu anibebee. Akarudi musituni kumutafuta."

"Akamupata?"

"Sijuwe." Macho yake yalishuka kwenye tumbo la Shadia, yakakimbilia miti. "Wewe uko muzima?"

"Niko muzima."

Uzito haukumtoka njia nzima mpaka Kamembe. Mlangoni kwake alitanguliza mguu wa kulia, akasema bismillahi, na hapo mgongo ukawa mwepesi. Alishusha pumzi. Kisha kitu kikageuka tumboni, kikapiga teke. Katika miezi mitatu mtoto hapigi teke la kusikika, na Shadia alilijua hilo vizuri sana.

Mimba ile haikutoka. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti, na Ridhwani akalia mbele za watu bila haya. Mama mkwe ndiye aliyempokea na kumgeuza kwenye mwanga.

"Ona shavu yake," akacheka. "Kama mutoto aliyelala mugongoni ya muntu siku muzima. Itatoka."

Shavu la kushoto lilikuwa limebonyea, na juu yake palikuwa na alama nyekundu. Miduara ndani ya miduara, midogo kama vifungo vya shati.

Siku ya tatu alama zilifutika. Shadia alimpenda mtoto yule mpaka kifua kikamuuma, na akaapa kwamba hatampa mtu mwingine ambebe, wala hatamshikia mwanamke yeyote mtoto wake. Wakimwita sokoni, "Shadia, unishikiliye," anapita kama kiziwi. Wakasema ana kiburi tangu apate mtoto. Aliwaacha waseme.

Mtoto alipotimiza miezi saba, jioni moja Shadia alikuwa akirudi kutoka karakana, mtoto mgongoni, manyunyu yakitoka ziwani. Akahisi fundo linalegea. Alikuwa amelifunga mara mbili. Akazikamata ncha za kitenge, mtoto akazidi kuteleza, na akamtafuta wa kumsaidia. Wanawake wawili wa sokoni walipita. Walimwona. Mmoja wao alikuwa amemwomba msaada juzi tu. Wakaangalia pembeni, wakaenda zao, na ilikuwa haki yao.

"Jamani, munisaidiye," alisema, lakini walikuwa wamefika mbali.

Kisha mikono miwili ikamshika mtoto kwa chini, kutoka nyuma. Baridi yake ikapenya kitenge na blauzi mpaka kwenye ngozi.

"Nimeshika, maman. Funga."

Moshi. Majani yaliyooza. Maziwa.

Shadia hakufunga, na hakugeuka. Alizivuta ncha kifuani kwa nguvu zake zote.

"Huyu ni wangu," alinong'ona.

"Hata miye nilisemaka vile, mupaka muganga akafungua."

Mvua ikaanza kunyesha kweli. Shadia alibaki amesimama pale pale barabarani, ngumi zake zimejaa kitenge, akisikiliza pumzi ya mtoto shingoni mwake. Ilikuwa fupi, yenye unyevu, kama ile ya msituni.