Kompyuta Iliyokuja Imefungwa

"Umetoka shule juzi tu, leo unataka kutuundia kompyuta," mjomba alisema. "Kesho utatuundia ndege."

"Sikutoka shule, mjomba. Nilitolewa."

"Haya, ulitolewa. Si uko nyumbani?"

Mama alikuwa amekaa kati yetu akikunja nguo. Shati lile lile alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Hakumtazama kaka yake wala hakunitazama mimi.

"Nisikilize basi," nikasema. "Fundi Bisibisi ameshanipatia kasha na pawa saplai, vizuri kabisa. Bodi ataileta wiki hii. Tutaiunga hapa hapa mezani, kila kipande nikione kwa macho yangu kabla hakijaingia. Hiyo ya Bwana Pole inakuja imefungwa, na kibandiko juu yake. Tutajuaje kilichomo?"

"Kilichomo ni kompyuta. Ulidhani kuku?"

"Kwa nini basi hataki ifunguliwe?"

"Kwa sababu ya watu kama wewe, wenye vidole visivyotulia. Za kuunga ni za wahuni. Leo feni inalia, kesho diski imekufa, keshokutwa fundi hapokei simu. Nataka kitu kilichokamilika, ukibonyeza kinawaka. Nimeshazungumza na mwenyewe, ametuwekea mpya, karibu na bure. Nenda ukaichukue kabla hajafunga duka."

Niseme kwa nini nilikuwa nagombania kompyuta kama mtu anayegombania roho yake.

Dada yangu, mkubwa wangu pekee, alikuwa mchapaji katika duka la kompyuta la Bwana Pole. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyekutana naye bila kupewa pole. Ukitoka sokoni, pole. Ukitoka kulala, pole. Inasemekana hata bibi harusi mmoja alipewa pole, na watu wakacheka sana. Sisi tuliacha kucheka siku tulipoletewa jeneza. Bwana Pole alikuwa amegharamia kila kitu. Alisema dada ameanguka akiwa kazini, na ugonjwa ulimharibu sura, kwa hiyo tusifungue, tumkumbuke alivyokuwa. Mama aliomba aonyeshwe hata mkono. Mjomba, ambaye tangu baba atutoke ndiye mwenye sauti nyumbani, akamwambia aache utoto. Tukamzika bila kumwona.

Haikupita muda, mjomba akaja na ujumbe. Kiti cha marehemu kiko wazi, na mdogo wake anasifika kwa kuchapa. Akanitoa shule nikakikalie. Nikagoma. Nililala na njaa kwa kugoma, lakini sikwenda. Nikamwambia mama nitachapa nyumbani, barua za watu na maombi yao ya kazi, na jioni nitasoma mwenyewe nikafanye mtihani. Mama akasema sawa, akatoa akiba yake. Kompyuta ikiwa nyumbani, nisingekuwa na sababu ya kukalia kile kiti. Ilikuwa hivyo tu. Nilitaka iwe kompyuta ninayoijua mpaka skrubu ya mwisho.

"Nenda, mwanangu," mama akasema, macho kwenye shati. "Yaishe."

Nikaenda. Ndala zangu zilikuwa zinapiga chini kana kwamba barabara ndiyo iliyonikosea.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Taa ya dukani ilikuwa haijawashwa. Bwana Pole alisimama nyuma ya kaunta na kitambaa mkononi, anapangusa kioo ambacho tayari kilikuwa kisafi.

"Pole na safari," akasema. Sauti yake ni ya chini, mpaka umsogelee ndipo umsikie.

"Nimetoka mtaa wa pili."

"Hata hivyo. Pole."

Nyuma yake palikuwa na pazia zito. Nyuma ya pazia watu walikuwa wanachapa. Kibodi nyingi, zote kwa pamoja, kama mvua kwenye bati. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyevuta kiti.

Chini ya pazia hapakuwa na mwanga hata kidogo.

"Wanachapa gizani?" nikauliza.

"Wameshazoea."

Akaiweka kompyuta mbele yangu. Nyeusi, inang'aa, haina hata alama ya kidole. Pale kifuniko kinapokutana na kasha palikuwa na kibandiko cheupe.

"Usiifungue. Kibandiko kikichanika, waranti imekufa."

"Na ikiharibika?"

"Haiharibiki."

"Hakuna mashine isiyoharibika."

"Hii haichoki," akasema.

Nikanyoosha mikono kuibeba. Akanishika vidole. Alivibonyeza kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayechagua bamia sokoni, anatafuta laini.

"Virefu," akanong'ona. "Kama vya marehemu."

Niliuvuta mkono wangu nikaufuta kwenye sketi, mbele yake, ili aone. Hakuonekana kuchukia. Alinipa pole.

Njiani niliikumbatia kifuani kwa sababu ilikuwa nzito. Ilikuwa na joto. Lile joto la shuka mtu anapotoka tu kitandani. Nilipokata kona, kitu ndani kikajigeuza. Hakikudondoka wala hakikugonga. Kilijigeuza… polepole… kama anayetafuta upande mzuri wa kulalia.

Nilitaka kuitupa mtaroni. Nikakumbuka akiba ya mama.

Mjomba alikuwa ametoka. Mama alikuwa jikoni, nasikia vyombo. Nikaiweka kompyuta kwenye meza ya sebuleni, nikachomeka waya wa skrini aliyoniazima Fundi Bisibisi pamoja na kibodi, nikachukua waya wa umeme nikitafuta mahali pa kuuchomeka.

Skrini ikawaka.

Waya wa umeme bado nilikuwa nao mkononi.

Kisha nikasikia harufu. Mafuta ya nywele, yale ya kopo la kijani, ambayo dada peke yake alikuwa akipaka katika nyumba hii. Kopo lake tulilitupa wenyewe baada ya msiba kwa sababu mama hakuweza kulitazama. Harufu ilikuwa inatoka kwenye matundu ya feni, ya moto kidogo, kama kichwa kilichokaa juani.

Halafu sauti ikaanza.

Taka-taka-taka-taka… tok, tok.

Taka-taka-taka-taka… tok, tok.

Kibodi ilikuwa kwenye mfuko wake, juu ya kiti. Sauti ilikuwa inatoka ndani ya kasha.

Dada alikuwa na mtindo. Kila akimaliza mstari aligonga kwa kidole cha pete, mara mbili, ndipo aendelee. Alikuwa akifanya hivyo hata tukila, kwenye ukingo wa sahani. Nilikuwa namwambia ananikera.

Mama akatokea mlangoni mwa jikoni, mikono inachuruzika maji.

"Nani anachapa?" akanong'ona.

"Hakuna mtu, mama."

"Usinidanganye. Ninamjua anayechapa hivyo. Nimemzaa."

Kwenye skrini maneno yalikuwa yanajiandika, safi, yamenyooka, kama barua za ofisini.

Ndugu mteja, asante kwa kuendelea kutuamini. Mzigo wako utafika kwa wakati. Ndugu mteja, mzigo wako utafika nimechoka utafika kwa wakati. Asante kwa nimechoka mama kutuamini. Ndugu mteja, mdogo wangu usikae.

Tok, tok.

Na barua nyingine ikaanza.

Watu wakisimulia mambo ya namna hii husema waliogopa. Labda. Mimi nilishikwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua. Dada yangu alikuwa anafanya kazi. Tulimlilia, tukamtupia udongo, watu wakatushika mikono, na muda wote huo alikuwa anafanya kazi, anawashukuru wateja wa Bwana Pole kwa heshima zote. Nikafungua droo nikatoa bisibisi.

"Iweke chini."

Mjomba alikuwa ameingia. Alisimama na viatu vyake sebuleni, jambo ambalo kwa kawaida lingezua ugomvi na mama.

"Mjomba, dada yumo humu."

Nilingoja acheke. Mjomba hucheka kila kitu ninachosema, hata nikiumwa. Hakucheka. Alitazama kibandiko kama kiko salama, na hapo ndipo nilipojua.

"Ulijua," nikasema.

"Sikujua yote."

"Ulijua kiasi gani?"

Akajifuta uso kwa kiganja. "Bwana Pole alisema dada yako ana mkono wa ajabu, mkono usiofaa kupotea. Nikadhani ni maneno ya msiba, ya kufariji. Halafu… halafu mambo yangu yakaanza kunyooka. Mtu hakatai mambo yake yakinyooka." Akashusha sauti zaidi. "Usichane hicho kitu. Mtu akikichana, yeye anajua. Nami nimeshampa neno kuhusu wewe. Hii imeletwa uizoee tu."

"Niizoee?"

"Sauti yake. Ili ukienda usishtuke."

Taka-taka-taka-taka, ilisema ile kompyuta, haikujali tunayozungumza. Tok, tok.

Mama hajawahi kumpandishia kaka yake sauti. Hata jioni hiyo hakuipandisha. Alikausha mikono kwenye gauni, upande huu na upande huu, akaja akasimama kati ya mjomba na meza.

"Chana, mwanangu," akasema.

Nikachana.

Kibandiko kilitoka na utando mwembamba chini yake, kama kigaga kinapobanduliwa kabla hakijapona. Nikafungua skrubu. Kifuniko kikatoka.

Vitu nilivyofundishwa na Fundi Bisibisi vyote vilikuwepo, na nilivitazama kimoja kimoja kwa makusudi, nisitazame kingine. Bodi. Feni. Memori. Nyaya zimefungwa vizuri, kazi nadhifu. Lakini pale diski inapokaa hapakuwa na diski.

Palikuwa na msuko wa nywele, umezungushiwa waya wa shaba mwembamba, mzunguko juu ya mzunguko. Bado unang'aa mafuta. Na kwenye ncha za ule waya, zimepangwa sawasawa juu ya bati…

Kucha.

Za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto. Zilikuwa na rangi nyekundu aliyopaka siku ile anakwenda kazini. Chini ya rangi zilikuwa zimeota sehemu mpya, nyeupe, isiyopakwa. Zilikuwa zimeendelea kukua.

Na zilikuwa zinagonga.

Mama alitoa sauti ambayo sitaiandika. Mjomba akaanza kurudi nyuma akisema anakwenda kuita watu, akafika ukutani, akabaki hapo. Nilichukua mkasi wa mama, ule wa kukatia vitambaa, nikaukata waya. Haukukatika mara moja. Nilikata nikimtukana Bwana Pole kwa maneno ambayo mama hajui kama nayajua, nikimtukana mjomba pia, mbele yake, licha ya utu uzima wake, na hakuna aliyenikataza.

Waya ukakatika.

Kucha zikatulia. Skrini ikazima. Feni ikazunguka polepole, ikazunguka, ikasimama, na pumzi ndefu ikatoka kwenye matundu, ndefu kama ya mtu anayetua mzigo kichwani.

Ile harufu ya mafuta ikaondoka. Nilisikia bomba likidondosha maji jikoni.

Mama akakusanya msuko na kucha kwenye upindo wa gauni lake. Alizitoa moja moja, kwa ncha za vidole, akizipuliza vumbi. Hakulia. Alikuwa anasema kitu kwa sauti ndogo, nadhani ni jina tulilomwita dada alipokuwa mchanga. Nami nikaketi sakafuni na mkasi wangu, nikaona imekwisha. Nilifikiri hata kuhusu kompyuta yangu ya kuunga. Nilifikiri, kesho nitamwambia fundi alete bodi.

"Mmefanya nini," mjomba akasema pale ukutani. "Mmefanya nini nyie…"

Kuna mtu akapanda kibarazani.

Hatua moja ya kiatu. Hatua moja ya mguu mtupu. Kiatu. Mguu mtupu. Akafika mlangoni akasimama.

Akabisha. Hakikuwa kishindo cha kawaida. Kilikuwa laini, chenye unyevu kidogo, kama nyama tupu inapogusa ubao, vidole visivyo na kucha.

Mama akanyanyuka, upindo wa gauni ameushika kwa mkono mmoja.

"Mama, subiri." Nilimshika kiunoni. "Mama, tulimzika."

"Tulizika sanduku," mama akasema. Akanibandua mikono, kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akaanza kuelekea mlangoni.

Nikamwahi. Nikauegemea mlango kwa mgongo, mkasi mkononi, nikimwambia kwa kichwa, hapana, hapana. Mbao zilikuwa na joto mgongoni mwangu. Nyuma yake mtu alikuwa anapumua, kwa uvumilivu, kama mfanyakazi aliyefundishwa kungoja mteja amalize kusema. Kisha akaongea. Ilikuwa sauti ya dada, haikubadilika hata kidogo, na alinong'ona karibu kabisa na sikio langu.

"Mama, nifungulie. Bosi amenituma nimfuate mdogo wangu. Amesema kwa kuwa mmenitoa kwenye mashine, mimi sasa ni wa kuleta wengine."